Waya Huu Usihamishwe

Jana binti yangu alipiga picha cheti chake kwa simu. Kikanyooka chenyewe, kikawa faili, kikatumwa, mimi bado naitafuta miwani. Ndipo akauliza, "Baba, nyie zamani mlikuwa mnaskani kwa kutumia nini?" Nikamwambia, mashine. Jibu likamtosha. Mimi likaniacha nikimuwaza yule fundi.

Ni ile ofisi ya majalada. Kompyuta ya pale pembeni ilikuwa bado inatumia Windows XP, mfumo wa mwaka 2001, na Microsoft walishaacha kuutolea viraka vya usalama tangu Aprili 2014. Kompyuta mpya zilikuwepo, lakini zote zilikuwa za biti 64, na draiva ya skana yetu, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, iliandikwa kwa ajili ya biti 32, mfumo wa kizazi cha nyuma. Huko haipandi hata uibembeleze. Basi kizee kile kilibakizwa kwa ajili ya skana, na skana ilibakizwa kwa kuwa hakuna aliyetaka kusaini hati ya kununua nyingine. Kisha diski ikafutwa, mfumo ukapandishwa upya, na draiva ikawa imekwenda na vingine vyote.

Akaunti yangu ilikuwa ile yenye mipaka. Kufungua na kuchapa, ruksa. Kusakinisha draiva, mwite msimamizi. Nilidhani ni ukorofi tu wa watu wa kompyuta. Kumbe draiva huandika kwenye folda za mfumo wenyewe na kwenye rejista yake, lile daftari la mipangilio yote, kwa hiyo ikiwa mbovu haimwumizi mtumiaji mmoja, inawaumiza wote.

Fundi akaja na sidii yake. Akaingia kwa nenosiri lake huku mkono mmoja umefunika kibodi, akasakinisha programu kwanza, akachomeka waya baadaye, maana ukitanguliza waya Windows hukimbilia kutafuta draiva yenyewe, ikaikosa, ikakuachia alama ya mshangao ya njano. Akajaribu ukurasa mmoja. Ukatoka safi. Akajitoa, nikaingia kwenye akaunti yangu.

Nikaweka karatasi, nikabonyeza. Skana ikanguruma. Taa ikawaka chini ya kioo, ikatambaa taratibu kutoka ncha hii hadi ile, ikarudi nyumbani kwake. Nilishaanza kutabasamu. Halafu kikaja kidirisha: imeshindikana. Hakikusema nini kimeshindikana. Nikabonyeza tena. Mngurumo, taa, safari ile ile ya kwenda na kurudi, kidirisha.

"Fundi, si unipe tu huo usimamizi, yaishe?"

Hakujibu. Alikuwa ameinama, sikio karibu na mfuniko, kama mganga anayesikiliza kifua. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mkuu wa ofisi akapita mlangoni, akatutazama watu wazima wawili tunavyoiangalia taa ikitembea, akaenda zake bila neno.

"Umeona?" fundi akasema. "Imesoma hadi mwisho. Draiva haina kosa. Inakwama baada ya kusoma."

Ile programu ya kuskani ilikuwa inaihifadhi picha kwa muda ndani ya folda yake yenyewe, kwenye Program Files, pale Windows inapoweka programu. Msimamizi anaruhusiwa kuandika pale. Mimi naruhusiwa kusoma tu. Aliyeiunda bila shaka aliijaribu siku zote akiwa msimamizi, akaona dunia iko sawa.

Fundi akarudi kwenye akaunti yake. Akazima ile njia rahisi ya kushiriki mafaili, maana ikiwa imewashwa XP huficha ukurasa wa Usalama, ule wa kugawia ruhusa, kisha akanipa ruhusa ya kuandika. Si kwenye folda yote, kijifolda cha ndani tu, kile cha picha za muda. Nikamuuliza kwa nini anabana hivyo. "Ndugu yangu, nikikupa usimamizi, nimewapa na virusi wote utakaokuja nao kwenye flashi. Nikikupa folda yote, watabadilisha programu yenyewe." Mara hii taa iliporudi, ukurasa ukatokea. Ulikuwa umepinda kidogo. Hakuna aliyejali.

Mchana mzima uliishia hapo, na bado siwezi kusema kama ilifaa. Majalada yale tuliyaskani yote. Sijasikia mtu aliyewahi kuyafungua.

Kabla ya kuondoka fundi alizungushia waya utepe, akauandika kwa kalamu nene: USIHAMISHWE. Skana ile haikuwa na namba yake ya utambulisho ndani, kwa hiyo kompyuta iliitambua kwa tundu ilipochomekwa. Ukiuhamishia waya tundu la pili, kwa kompyuta hicho ni kifaa kipya, na dirisha la kumtaka msimamizi linarudi. Hilo tulilihakikisha wenyewe siku mfagizi alipovuta meza.

Nilipita pale miaka baadaye. Skana ilikwishaondolewa, lakini waya wake ulikuwa ungali umechomekwa, na utepe wake umekauka. Nikanyoosha mkono niuchomoe ili nichaji simu.

"Mzee, samahani," kijana wa zamu akaniwahi. "Huo fundi alikataza."

Nikamuuliza kama anamjua huyo fundi. Hakuwa amewahi kumwona.