Saa ya seva: rekebisha mwendo, usirushe mshale

Saa ya seva huhesabu mitetemo ya fuwele ndogo ya kwatzi iliyo kwenye bodi kuu. Fuwele ikikosea sehemu 20 katika milioni, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, saa hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Kiyoyozi kikizimwa na chumba kikapata joto, kosa lenyewe hubadilika. Anayeiweka saa sawa leo bila kugusa mwendo wake ataikuta imepotea tena kesho.

Ndiyo maana naipinga desturi ya kuweka ntpdate, programu inayouliza wakati sahihi mtandaoni, kwenye cron, kipangaji cha kazi za kujirudia, kila usiku. Inairusha saa. Ikirushwa nyuma sekunde tatu, muamala uliofuata unaweza kuandikwa kana kwamba ulitangulia, na anayepanga rekodi kwa muda hapati mfuatano wa kweli. Chrony, programu nyingine ya kusawazisha saa, hupima kosa, kisha huiharakisha au kuichelewesha saa kidogo kidogo mpaka ikae sawa, bila muda kurudi nyuma.

Kwenye Debian au Ubuntu andika `sudo apt install chrony`. Kama systemd-timesyncd, kisawazishi cha saa kinachokuja na mfumo, ilikuwepo itaondolewa, na iondoke, kwani saa moja haishikwi na programu mbili. Kisha hakikisha /etc/chrony/chrony.conf ina mistari hii:

pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
driftfile /var/lib/chrony/chrony.drift
makestep 1.0 3
rtcsync

Mstari wa pool huchukua vyanzo vinne, yaani seva za wakati za mtandaoni, na idadi hiyo ina sababu. Viwili vikipingana huwezi kujua kipi kinadanganya; vitatu vinatoa wengi wape; cha nne ni akiba kimoja kikizimika. Mstari wa driftfile huhifadhi kipimo cha mwendo wa fuwele yako ili seva ikiwashwa isianze kujifunza upya. Wa makestep huruhusu kuruka pale tu kosa linapozidi sekunde 1, tena katika vipimo 3 vya mwanzo. Wa rtcsync huinakili saa ya mfumo kwenye saa ya betri, ile inayoendelea kutembea seva ikizimwa, kila baada ya dakika 11.

Washa upya chrony, subiri dakika chache, kisha andika `chronyc sources`. Chenye alama ^* ndicho kinachofuatwa, ^+ kinachangia, ^x kinapingana na wenzake. Safu ya Reach huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane: 377 maana yake maombi 8 ya mwisho yote yamejibiwa. Ikiganda kwenye 0, anza na faiwoli, maana huenda poti 123 ya UDP imefungwa.

Kuna kosa ambalo amri hiyo haitakuonyesha. NTP, itifaki ambayo chrony huitumia kuuliza wakati, huchukulia kwamba pakiti hutumia muda uleule kwenda na kurudi. Kwenye intaneti ya setilaiti au ya simu mara nyingi si hivyo. Safari nzima ikiwa milisekunde 600, kwenda 400 na kurudi 200, saa yako itakosea milisekunde 100, nusu ya tofauti hiyo, huku kila kitu kikionekana shwari. Tazama Root delay katika `chronyc tracking`: nusu ya namba hiyo ndiyo nafasi ambamo kosa la aina hii linaweza kujificha. Kama kazi yako haivumilii kiasi hicho, weka kipokezi cha GPS chenye waya wa PPS, yaani mdundo mmoja kila sekunde, na antena yake ione anga. Ujumbe wa GPS peke yake hauaminiki, kwa sababu huchelewa kwenye waya wa data. Unakutajia ni sekunde ipi, na mdundo wa PPS ndio unaosema imeanza lini hasa.

Umeme ukikatika, betri ya CR2032 ndiyo inayobeba saa. Ikiisha, seva huamka na tarehe ya zamani, na hapo matatizo hushikana mikono: vyeti vya TLS, vya mawasiliano salama, vinaonekana havijaanza kutumika, saini za DNSSEC, zinazothibitisha majina ya mtandao, zinakataliwa, jina la pool halipatikani, basi saa haina pa kuuliza wakati. Badilisha betri, na uongeze chanzo kimoja cha mtandao wa ndani kwa namba ya IP badala ya jina. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina kabisa saa ya betri; Pi 5 inayo, ila betri unanunua kando.

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, ina mtego wake. Ikisimamishwa kwa saa moja kisha ikaamshwa, vile vipimo 3 vya makestep vimekwisha kupita, hivyo chrony itaivuta polepole. Kwa kasi yake ya juu ya kawaida, kuifuta saa moja huchukua saa 12. Toa amri kwa mkono: `sudo chronyc makestep`, ukiwa umesimamisha hifadhidata kwanza.

Majira ya seva yabaki UTC, saa ya marejeo ya dunia. Afrika Mashariki iko mbele saa 3 mwaka mzima, hatubadilishi majira, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Hatari iko kwenye mazungumzo: logi ikisema 06:12, saa ya ukutani ni 09:12, na mwenzako kwenye simu anasema saa tatu na dakika kumi na mbili. Kwenye ripoti ya hitilafu andika 06:12 UTC, herufi tatu hizo zisikosekane.