Hodi mbili: Nexus 5 ya mama na kerneli yangu ya kwanza

Siku ya 1

Simu imefika leo kutoka Kilosa, imefungwa ndani ya leso, imeletwa na kondakta wa basi pamoja na ujumbe wa mama: "Mwambie inajizima na kujiwasha yenyewe kama ina mashetani."

Haina mashetani. Ni LG Nexus 5, D821, simu iliyotoka mwishoni mwa 2013, na ugonjwa wake wanaujua wote waliowahi kuimiliki. Kitufe cha kuwashia kipo ubavu wa kulia. Chini yake kuna swichi ndogo kama punje ya mchele, imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Ikichoka inabaki imebonyea. Simu inadhani kuna mtu ameshikilia kitufe, basi inajizima, inawaka, inaandika Google, inajizima tena. Itafanya hivyo mpaka chaji iishe.

Nikaipeleka kwa fundi kijana karibu na stendi. Akaifungua, akapuliza dawa ya kusafishia, akasugua na mswaki wa zamani, kitufe kikaachia. Nikamwomba abadilishe swichi kabisa. Akainamisha taa, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kaka, swichi ninayo. Ila pedi moja ya kuchomelea huku chini imeshanyanyuka. Nikiweka moto hapa, inaweza kung'oka na bodi ikafa. Itumie hivihivi, usiibonyeze ovyo tu."

Usiibonyeze ovyo! Simu ambayo ili uone saa ni lazima uibonyeze.

Njiani kurudi ndipo wazo likanijia. Kama kitufe kina siku chache, kazi yake ihamie kwenye kioo: kioo kikiwa kimezima, ukigonge mara mbili, simu iamke. Simu nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani na uwezo huo. Nexus 5 haikutoka nao, lakini waliokuwa wakiichezea enzi zake waliuweka kupitia kerneli, kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya simu. Najua mtu atasema tumia kitufe cha sauti. Hicho nacho kimelegea, na sitaki kuua kitufe cha pili ili kukiokoa cha kwanza.

Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Juu nimeandika MIBONYEZO: 0.

Siku ya 2

Kabla ya kerneli, romu, yaani mfumo mzima wa Android wa simu. Google ilimaliza kazi na simu hii kwenye Android 6.0.1, na mama analalamika kwamba kurasa nyingine "zinagoma". Hazigomi kwa sababu ya bando. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, na cheti mama cha siku hizi, ISRG Root X1, kimo ndani ya Android kuanzia 7.1.1. Ya 6 haikifahamu. Kwa muda kulikuwa na njia ya kuzisaidia simu za zamani, ikafungwa 2024. Firefox inabeba vyeti vyake yenyewe kwa hiyo ingepita, ila mama hataki kuambiwa tumia hiki kwa hili na kile kwa lile. Anataka simu.

Kwa hiyo LineageOS 14.1, romu huru ya Android 7.1 yenye cheti hicho. Matoleo rasmi ya simu hii yalisimama zamani. Mimi faili lake la zipu ninalo kwenye diski tangu siku hizo, na leo nimefurahi kwamba huwa sifuti vitu.

Kwanza picha. Kufungua butiloda, programu ndogo inayoiamsha simu kabla ya Android, kunafuta kila kitu, na kwenye simu ya mama "kila kitu" maana yake ni harusi mbili, misiba mitatu na wajukuu wote. Nikazivuta kwa adb pull (adb ni zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye laptopu; fastboot ni ndugu yake anayezungumza na butiloda), nikahesabu faili pande zote mbili, zikalingana. Ndipo nikaandika:

adb reboot bootloader
fastboot oem unlock

Hapa hakuna ujanja. Simu inauliza kama kweli unataka. Unachagua ndiyo kwa kitufe cha sauti, unathibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Nikakishika kama anayebonyeza kengele ya nyumba yenye mbwa. Kikashuka, kikapanda. MIBONYEZO: 1.

Kawaida ukishaweka rikavari ya TWRP, mfumo mdogo wa kuwekea romu, unaingia ndani yake kupitia menyu ya butiloda, na menyu hiyo nayo inataka kitufe. Nikaipita: fastboot boot twrp.img inaiwasha rikavari moja kwa moja kutoka kwenye laptopu bila kugusa kitu. Ndani ya TWRP jambo la kwanza nililofanya ni kuzima muda wa kioo kujifunga, kwa sababu kikilala huko, cha kukiamsha ni kitufe kilekile.

La pili ni kunakili sehemu mbili za kumbukumbu, modemst1 na modemst2. Humo ndimo zinamokaa taarifa za mtandao, pamoja na IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Watu wengi hupita hatua hii kwa sababu haionyeshi matunda. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozizima simu zenye IMEI bandia mwaka 2016, simu iliyopoteza namba yake hapa nchini ni kioo cha kujitazamia tu. Dakika mbili, faili mbili, nikazihifadhi sehemu mbili tofauti.

Baada ya hapo mambo yakaenda: kufuta, kuweka romu, kuweka kifurushi kidogo kabisa cha Google, kuwasha upya kwa kugusa kioo. Uwashaji wa kwanza ulichukua muda wa kupika chai na kuinywa.

Kioo kikizima wakati wa kazi, naandika adb shell input keyevent 26. Namba 26 ni kitufe cha kuwashia. Android haijali kama kimebonyezwa kwa kidole au kwa maneno.

Siku ya 5

Kerneli. Zipo zilizotengenezwa na wengine zenye kazi ninayoitaka. Kwa Nexus 5 iliyovuma sana ni ElementalX. Ila niliyokuwa nayo ni ya Android 6, na nakiri pia kwamba kwa miaka nimekuwa nikifleshi, yaani nikiandika kwenye simu, vitu vya watu bila kujua kilichomo. Safari hii natengeneza mwenyewe.

Chanzo cha kerneli ya hammerhead (ndilo jina la ndani la Nexus 5) nimekishusha kwa --depth 1, yaani bila historia yake yote, kwa sababu bando si la baba yangu. Ni Linux 3.4, kerneli iliyotoka 2012. Laptopu yangu ina Linux ya juzi. Ukiwakutanisha babu na kitukuu hivi bila mkalimani, hawaelewani.

Kosa la kwanza lilikuja kabla sijaweka kikombe chini: haioni faili linaloitwa compiler-gcc pamoja na namba ya kompaila yangu, GCC, ile programu inayogeuza chanzo kuwa kerneli. Kerneli ya zamani ilikuwa na faili moja kwa kila toleo la GCC, na walioiandika hawakuwa na habari za matoleo ambayo hayajazaliwa. Wengine hunakili faili la zamani na kulibadilisha jina. Nilijaribu, nikapata makosa mapya ambayo hata kuyasoma sikuweza. Nikarudi kwenye njia ya wazee: nikashusha GCC 4.8 ya ARM (aina ya kichakataji cha simu), ile ya enzi za simu yenyewe.

Kosa la pili: kernel/timeconst.pl, mstari wa 373. Perl, lugha iliyoandikiwa faili hilo, ya leo haikubali tena defined(@val). Unafuta neno defined na mabano yake, unaacha jina tu.

Kosa la tatu: yylloc imetangazwa mara mbili ndani ya scripts/dtc. Hili linatokana na kompaila mpya ya laptopu yenyewe, si ile ya simu, kwa sababu zana hiyo ndogo inatengenezwa ili itumike kwenye laptopu. Nikaongeza neno extern mbele. Neno moja. Lilinigharimu jioni nzima kwa sababu nilikuwa nalitafuta upande wa simu.

Saa nne usiku make -j2, amri ya kuijenga kerneli, ikafika mwisho. Umeme ukakatika dakika kumi baadaye, nami nikaupungia mkono.

Siku ya 6

Leo nimekuwa mjinga.

Kufungasha kerneli kuwa boot.img, faili ambalo simu huwaka nalo, kunataka anwani zake sahihi za kumbukumbu: ramdisk_offset 0x02900000, tags_offset 0x02700000, na ule mstari wa maelekezo ambao ndani yake kuna maxcpus=2. Nilikodolea macho hiyo mbili kwa muda, maana Snapdragon 800, kichakataji cha simu hii, ina kori nne. Kumbe simu inaamka na mbili, nyingine zinaitwa baadaye mfumo ukishasimama.

Nikawa nimejivunia sana kuelewa hilo, nikachukua faili lisilo lenyewe. Kwenye folda ya matokeo kuna zImage na kuna zImage-dtb. La pili limegundishwa mkiani ramani ya vifaa vya simu: kioo kipo wapi, chaji ipo wapi, mguso upo wapi. Nilifungasha la kwanza. fastboot boot boot.img, neno Google likatokea, na likabaki pale. Kerneli imeamka kwenye nyumba isiyoijua, gizani, haijui hata mlango ulipo.

Uzuri wa fastboot boot ni kwamba haiandiki chochote kwenye simu. Ukiwasha upya inarudi kerneli ya zamani. Ubaya ni kwamba kuwasha upya simu iliyoganda kunataka kushikilia kitufe kama sekunde kumi. adb haipo, fastboot haipo. Nilifikiria kuiacha mpaka chaji iishe. Kisha nikakosa subira, nikashikilia.

Ikajizima. Nikaachia kidole. Kitufe hakikuachia.

Google. Giza. Google. Giza. Nikaigongagonga ubavu kwenye meza, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Mke wangu akatokea mlangoni: "Unaitengeneza au unaiadhibu?" Kwenye pigo la tisa au la kumi neno Google likapita na alama ya Lineage ikafuata. MIBONYEZO: 2, ila huu wa pili nauhesabu kama kumi.

Nikafungasha zImage-dtb. Ikawaka mara moja. Kwenye maelezo ya simu, chini ya toleo la kerneli, pameandikwa jina la laptopu yangu. Nililitazama zaidi ya inavyostahili.

Siku ya 9

Sasa kugonga. Kazi yote inafanywa na faili dogo, doubletap2wake.c. Linasikiliza mguso, likiona mapigo mawili mahali pamoja ndani ya muda uliowekwa, linatuma KEY_POWER kwa mfumo: kimeshuka, subiri kidogo, kimepanda. Yaani kerneli yenyewe inabonyeza kitufe cha kuwashia, kitufe cha hewani, kisicho na pedi wala swichi. Ni ileile keyevent 26 yangu, ila haina haja ya waya wala laptopu.

Kuliweka faili ni rahisi. Halikufanya kazi. Gonga, gonga, kimya. Nikafuatilia dereva (programu inayoendesha kifaa) wa mguso wa Synaptics, nikakuta kwamba taa ya kioo ikizimika, dereva anaukatia mguso umeme ili kuokoa chaji. Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Ikabidi nimwekee sharti: kama kugonga kumewashwa, usikate umeme, na mguso uruhusiwe kuiamsha simu usingizini. Mistari michache, majaribio mengi. Jaribio la tano, saa sita kasoro usiku, gonga gonga, kioo kikawaka.

Nilikizima na kukiwasha labda mara arobaini. Kuzima hakukuhitaji kazi yoyote: LineageOS inakubali ugonge mara mbili kwenye upau wa juu na inalala.

Thamani ya DT2W_DEFAULT, hali ya mwanzo ya kugonga, nimeifanya 1 ili iwake nayo bila kuambiwa. Halafu fastboot flash boot, sasa kwa kudumu.

Siku ya 12

Gharama. Usiku, kwa muda wa saa nane bila kuguswa, kwenye kerneli ya awali simu ilikula asilimia 4. Kwenye yangu inakula 9. Mguso unakesha kama mlinzi, na mlinzi lazima ale. Nimekubali.

Mfukoni ni hadithi nyingine. Jana ilijiwasha mfukoni mwa suruali mpaka paja likapata joto. Muda unaoruhusiwa kati ya pigo na pigo ni milisekunde 700. Nikaupunguza uwe 500, ikatulia. Simu imerudi Kilosa na kondakta yuleyule.

Siku ya 16

Mama amepiga kwa simu ya jirani. Haiwaki. Anagonga, haiwaki. Nikamwuliza anagongaje, akaisogeza karibu na simu ya jirani na kugonga ili nisikie: tok... tok. Mapigo ya mtu mzima anayebisha hodi kwa heshima. Milisekunde 500 zilikuwa za vidole vyangu na suruali yangu. Yeye simu anaibeba kwenye mkoba. Nikamwambia kwa sasa akitaka iamke aichomeke chaji, nayo itaamka.

"Ndivyo nilivyokuwa nafanya tangu zamani," akasema. Hakuwahi kuniambia.

Siku ya 20

Nimekwenda mwenyewe na laptopu. Muda sasa ni 900. Tukakaa barazani, nikamkabidhi, akagonga, ikawaka. Akaizima, akagonga tena. Nikaona anagonga mara tatu kila mara.

"Mama, mbili zinatosha."

"Hodi ni tatu."

Nimejaribu: pigo la tatu linaangukia kwenye skrini iliyofungwa, haliharibu kitu. Likiangukia juu ya ujumbe wa WhatsApp, simu inamwambia aguse tena kuufungua, naye anagusa. Programu za benki nimemkataza humo, kerneli ya 2012 si mahali pa kuweka hela. Kinachofuata ni betri, imeanza kuvimba kidogo pembeni. Daftari linasema MIBONYEZO: 2.