Pumzi Tatu

Juzi tulipokuwa tukivuka kutoka Lamu kwenda Manda kuwahi ndege, nahodha alizima mashine katikati ya maji. Mafuta yamekwisha. Akatoa kidumu cha petroli, akamimina oili humo, akakitikisa, akajaza tangi bila haraka yoyote. Abiria wakaanza kutazama saa. Mimi ile harufu ya oili na petroli ilinipeleka Wadi Kabir, kule Maskati, gerejini kwa Ami, usiku wa ile RX-7, gari ya Mazda, ambayo nimeitaja humu mara chungu nzima na sijawahi kuimaliza.

Ami alikuwa akitia oili ndani ya tangi la petroli hata kwenye gari. Si kila gari, zile za rota tu. Injini hizo hazina pistoni. Ndani mna rota mbili zenye pembe tatu, zinazunguka ndani ya nyumba zake, na kila pembe imebeba sili nyembamba ya chuma inayosugua ukuta muda wote. Kwenye RX-7 za mwisho sili hiyo ina unene wa milimita 2. Mazda walitia pampu ndogo ya kuilainisha kwa oili ya injini, lakini Ami hakuwa mtu wa kuamini pampu ndogo.

Kijana mwenye gari alikuwa Mmanga wa Maskati ambaye Kiswahili amenyonya kwa bibi yake wa Unguja. Kwenye simu alikuwa na picha ya ile Mazda 787B ya rangi ya chungwa na kijani iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Ami aliitazama, akamrudishia simu yake. "Hii rota nne, mwanangu. Na haina tabo hata moja."

Yake ilikuwa na rota mbili na tabo mbili, yaani feni zinazozungushwa na moshi ili ziisukumie injini hewa zaidi. Alikuwa keshaing'oa ekzosi yote ya kiwandani pamoja na kichujio cha moshi, akaweka bomba nene lililonyooka. Aliyemfanyia kazi hiyo hakumweleza kilichobaki. Moshi ukitoka kwa wepesi, tabo nazo huzunguka kwa wepesi, na kile kilango kinachopaswa kupitisha moshi pembeni ili zisizidi ni kidogo, hakiwezi tena. Gari iliyotoka kiwandani na presha ya hewa ya paundi 10 kwa inchi ya mraba inajipandisha yenyewe. Kijana alikuwa anafurahi kwa hilo, anaona amepewa nguvu za bure.

Ami aliyaona mengine. Hewa ikizidi na mafuta hayakuifuata, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na sili ile haistahimili. Ikikatika, kipande kinachubua nyumba ya rota, kisha kinatoka na moshi na kwenda kupiga mapanga ya tabo. Ajali moja, bili tatu.

Kazi aliyofanya nitaipitia haraka, maana nikiingia humo hatutatoka. Alitanua tundu la kile kilango. Akaweka injekta, vile vinyunyizio vya mafuta, kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye nguvu, geji ya presha pale dereva anapoiona bila kugeuza shingo, na kompyuta ya injini ya kubadilishia ile ya kiwandani. Ndani ya kompyuta hiyo tukaandika amri: presha ya kawaida paundi 12, ikifika 14, kata moto wa plagi.

Nilimuuliza kwa nini moto na si mafuta, kwani kukata mafuta ndiko nilikokuzoea. Akasema mafuta yakikatwa huenda yasikatike yote kwa pamoja. Katikati hapo kuna mzunguko mmoja au miwili ambapo mafuta ni machache na hewa ni tele, na hicho ndicho hasa tunachokikimbia. "Moto ukizimika, mafuta yapite mabichi. Yatalipuka huko nyuma kwenye ekzosi. Yalipuke. Bomba tunalo jingine."

Januari tulitoka kujaribu, usiku, barabara ya Amerat kwenda Quriyat. Kijana alishika usukani, mimi nilikuwa kando yake na kompyuta mapajani, Ami alifuata nyuma na pikapu. Gia ya pili, sawa. Ya tatu, sawa, tabo ya pili ikaingia kwenye mizunguko 4,500 kama inavyotakiwa. Ya nne. Mshale ukapita 10, ukafika 12, na mimi nilikuwa nautazama nikingoja usimame.

Haukusimama.

Mlipuko wenyewe niliusikia mgongoni kabla ya masikioni. Kioo cha nyuma kikajaa rangi ya machungwa, na kibao cha barabarani kilichokuwa gizani kikasomeka chote. Gari ikakata, ikashika, ikakata tena, vichwa vinatupwa mbele na nyuma, hadi kijana alipokumbuka kuondoa mguu. Tukasimama kando. Hakuna aliyesema kitu. Yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari imezima.

Ami alikuja na tochi na kitambaa. Hakuuliza kilichotokea, moto aliuona yeye vizuri kuliko sisi. Akanambia nitoe fyuzi ya mafuta. Akazungushia mkono kile kitambaa kwa ajili ya joto, akafungua plagi moja ya rota ya mbele, akainama mpaka sikio likawa karibu na lile tundu.

"Piga."

Kijana akapiga stata. Rota ikawa inapumua kwenye tundu, puf, puf, puf, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa. Kwa rota isiyo na hitilafu hizo pumzi zinatakiwa ziwe tatu zinazolingana, moja kwa kila uso wake, halafu zinajirudia. Sili moja ikikatika unapoteza mbili, kwa sababu kila sili ni ukuta wa vyumba viwili. Unabaki na puf moja na ukimya mrefu. Ami alifumba macho. Alihesabu kwa kidole juu ya fenda, akipiga kidogo kidogo, na mimi nikajikuta natazama kidole badala ya kusikiliza. Akarudisha plagi. Akahamia rota ya nyuma. Kule aliagiza stata irudiwe, kisha irudiwe tena, hadi taa za dashibodi zikaanza kufifia kwa betri kuchoka. Kijana alikuwa ametoa kichwa dirishani, mdomo wazi, anahesabu naye kimya kimya.

"Zima. Nzima yako."

Tukamkuta mwizi baada ya hapo: mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye kile kilango. Ulikuwa umekauka kwa joto, umepasuka mdomoni, umechomoka. Presha isipofika pale, kilango hakijui kufunguka, tabo zinapanda bila mwenyewe. Ami akakata mpira mpya wa silikoni, akaufunga kwa kibano kila upande, tukarudi mjini polepole.

Kijana hakushukuru, na sijui kama namlaumu. Baada ya muda alirudi kutaka ile amri ya paundi 14 iondolewe, eti gari ilimkatia moto mbele ya wenzake na wakacheka. Ami akakataa, akamrudishia ufunguo bila kumdai. Yakaja kunifikia kwamba gereji nyingine ilimwandikia 20, kazi ya kubonyeza dakika chache.

Injini haikufa. Aliiendesha miaka, akaiuza ikiwa inawaka vizuri, na mnunuzi alipita kwetu kutusifia. Mimi nilikasirika, nikamwambia Ami kwamba yule sasa atamhadithia kila mtu kuwa wewe ulikuwa mwoga tu.

Ami alikuwa chini ya gari nyingine. "Alibadilisha ule mpira?" akauliza.

Nikasema mnunuzi alionyesha picha, vibano ni vyetu vile vile.

"Basi nipe spana ya kumi."