Ukijani wa Hildegard

Sala zangu zimekuwa kavu kwa muda sasa. Rozari inapita vidoleni, midomo inasali, moyo umekaa pembeni. Ndiyo maana siku hizi nashinda na Mtakatifu Hildegard wa Bingen, mtawa Mbenediktini wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1098. Ukavu wa namna hii aliujua vizuri, na mbele yake aliuwekea viriditas, neno la Kilatini lenye maana ya ukijani.

Ukijani huo ni uhai wa Mungu wenyewe ukipita ndani ya viumbe. Katika kitabu chake Scivias anaandika kwamba roho imo mwilini kama utomvu ulivyo ndani ya mti: akili ni kijani cha matawi na majani, utashi ni maua. Utomvu hauonekani, ila ukikatika kila mtu atajua.

Ninapopapenda kuliko pote ni pale anapoeleza zumaridi. Anasema jiwe hilo hukua asubuhi jua linapochomoza, wakati hewa ingali baridi na jua limeshaanza kupasha, na majani hunyonya ukijani kwa nguvu kama mwanakondoo anyonyavyo maziwa. Jiolojia ya leo haitakubali, sawa. Lakini aliyeandika hivyo alikuwa ameyatazama majani yenye umande kwa macho yake, tena kwa upendo. Na katika wimbo wake mmoja anauambia ukijani kwamba mizizi yake iko ndani ya jua. Mizizi juani! Tangu nilipousoma mstari huo, kila mti nautazama upya.

Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, heshima ya watakatifu wachache ambao mafundisho yao ni hazina kwa Kanisa lote, mwaka 2012, lakini mimi namshika zaidi kwa udhaifu wake. Mwaka 1141, akiwa na miaka 42, alisikia sauti kutoka mbinguni ikimwamuru aandike anayoyaona katika maono yake. Akasita, akajiona hafai, akaugua hadi kulala kitandani. Nguvu zilimrudia alipoanza kuandika, na kitabu hicho, Scivias, kikamchukua takriban miaka 10.

Hapo ananigusa penyewe. Mimi hungoja moyo uchangamke ndipo nisali. Yeye alianza kuandika akiwa bado mgonjwa. Kwa hiyo nimeyarudia Masifu ya Asubuhi niliyokuwa nimeyaacha, zaburi zote, kwa sauti, niwe na hamu au nisiwe nayo.