Siku yangu moja na mkaa wa mifupa, Arumeru

Saa 12 asubuhi. Nafungua mlango wa tanuru. Mifupa ya ng'ombe tuliyoichoma imeshapoa. Mkaa wake unachuja floraidi kwenye maji ya kunywa, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Navunja kipande kwa nyundo na kutazama ndani, maana hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Kikiwa cheusi tii na bado kinanuka, moto haukutosha. Maji yatatoka na rangi na harufu, na mteja atayamwaga. Kikiwa cheupe pe, moto ulizidi: vinyweleo vimeziba na mfupa haushiki tena floraidi ya kutosha. Ninachotafuta ni kijivu cheusi. Nyuzi 400 hadi 500 hivi, hewa kidogo, na subira.

Kwa wageni wa mambo haya: Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa ya shida. Pande hizi kuna chemchemi na mito inayopita 10. Ndiyo maana mtu wa huku akicheka tu Dar es Salaam, anaulizwa kama kwao ni Arusha. Meno ya kahawia watu wameyazoea hata wanayatania. Mifupa iliyopinda na viungo visivyokunjuka havina utani.

Saa 2. Vijana wanasaga na kuchekecha. Chenga ziwe kama za mchele: zikiwa kubwa maji yanapita bila kuguswa vizuri, zikiwa unga chujio linaziba. Barakoa ni lazima, vumbi lake halifai. Kisha tunaosha mpaka maji yatoke meupe.

Anapita mzee mmoja, kama wengi wanavyopita, na swali lilelile: "Hiyo mifupa ni ya mnyama gani?" Ng'ombe tu, mzee wangu, kutoka machinjioni. Swali halali kabisa. Mtu ana haki ya kujua anakunywa maji yaliyopita wapi.

Saa 4. Maabara, yaani chumba kimoja chenye meza na dirisha. Kabla ya kupima maji ya mtu, napima kwanza maji ninayoyajua: ya miligramu 1 na ya miligramu 10. Tofauti ya namba kwenye mita inapaswa kukaribia milivolti 58. Ikitoka 45, elektrodi, yaani kijiti cha mita kinachozamishwa majini, imechoka au imechafuka, na kila jibu nitakalotoa siku hiyo ni uongo wenye desimali. Leo ni 57. Nachanganya kila sampuli nusu kwa nusu na dawa inayoweka sawa hali ya maji na kuiachilia floraidi iliyoshikwa na aluminiamu, nakoroga, nasubiri namba itulie. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wanaojifunza.

Saa 7 mchana. Nimekula loshoro, nipo kwenye bodaboda kuelekea Maji ya Chai, mtungi wa sampuli mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chujio langu ni zima, usihangaike."

Chujio lake ni ndoo mbili zilizopandana, mkaa ndani, koki chini. Safi kuliko mengi niliyoyaona. Nachukua maji ya bomba na yaliyochujwa, napima kwa mita ndogo ya mkononi. Yanayoingia 7, yanayotoka 3.8.

"Mbona ladha ni ileile?" ananiuliza, kama vile nimemsingizia.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Chujio la matope likichoka utaona tope. Mkaa wa mifupa ukishajaa floraidi, maji yanaendelea kutiririka maangavu, matamu, na hakuna ulimi utakaokushtua. Nimeingia shule ambayo mradi fulani ulifunga tangi zuri la kuchujia, ukapiga picha, ukaondoka. Watoto waliendelea kunywa kwa imani, na hakuna aliyeachiwa mkaa wa kubadilisha wala kipimo. Mimi naona heri usiwe na chujio ukajua huna.

Mama anasema basi atayachemsha. Namweleza kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale. Maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi. Ana mjukuu wa miaka mitatu, na meno ya ukubwani ya mtoto yanajengeka ndani ya fizi katika miaka hii hii. Tunakubaliana: mkaa mpya kesho, alipe nusu sasa, na yaliyochujwa yawe ya kunywa na kupikia tu. Kufulia atumie ya bomba.

Saa 11 jioni. Tunapakia tanuru upya. Jirani analalamikia harufu. Ana haki; bomba la moshi linahitaji kurefushwa.

Saa 1 usiku. Mpishi wa shule tunayoihudumia anapiga simu. Maji yake yamepima vizuri, 0.6, kwa hiyo namuuliza kuhusu maharage. Anatia magadi, tena ya kutosha. Namwambia magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi mno. Apunguze, aloweke maharage usiku kucha.

"Watoto mia nne, maharage ya kuloweka nitayaweka wapi?"

Sina jibu la haraka. Nimemwomba aniwekee kijiko cha hayo magadi kwenye karatasi. Nitayapima asubuhi, na beseni kubwa nitamuulizia sokoni Tengeru.