Kabla hujasema katuni ya gazeti ni mbovu

Katuni ya gazeti ikifika kwenye simu yako, imeshapoteza vitu vitatu: siku yake, ukubwa wake na majirani zake wa ukurasani. Makosa mengi ya uhakiki wa katuni hizi yanaanzia hapo. Mtu anafungua Peanuts (katuni ya Charles Schulz kuhusu mtoto Charlie Brown na wenzake) ya 1963, anaisoma kama vile ilichorwa juzi kwa ajili ya kioo cha simu, anasema haichekeshi, na mjadala umeishia hapo. Mimi kazi hii ya kukosoa katuni naipenda, na naamini mtu aliyechora kila siku kwa miaka mingi anastahili msomaji anayejua anachokitazama. Nitatumia zaidi katuni za magazeti ya Marekani, kwa kuwa ndizo zenye hifadhi kubwa mtandaoni, hasa kwenye tovuti za GoComics na Comics Kingdom. Ya leo huwa rahisi kuipata. Za nyuma mara nyingi utaambiwa ulipie.

Tarehe kwanza. Usiamini ile iliyoandikwa na tovuti juu ya picha, kwani hiyo ni siku ambayo katuni imewekwa hapo. Vuta picha iwe kubwa, kisha tafuta mstari wa maandishi madogo kati ya fremu, yaani visanduku vya picha, au kwenye ukingo. Pale utakuta jina la kampuni inayosambaza katuni, alama ya hakimiliki na mwaka. Mara nyingi kuna pia tarehe ndogo iliyoandikwa kwa mkono, na Wamarekani hutanguliza mwezi: 3-7 ni tarehe 7 Machi. Mwaka ule ndio utakaokuokoa, kwa sababu sehemu kubwa ya katuni maarufu ni marudio. Calvin and Hobbes ya Bill Watterson iliisha tarehe 31 Desemba 1995. Peanuts mpya ya mwisho ilitoka Jumapili ya tarehe 13 Februari 2000, siku moja tu baada ya Charles Schulz kufariki. Doonesbury, katuni ya siasa ya Garry Trudeau, tangu 2014 ina mtego wake: za Jumapili ni mpya, za siku nyingine ni za zamani. Ukimlaumu Trudeau siku ya Jumanne kwamba amepitwa na wakati, unailaumu katuni aliyoichora miaka mingi iliyopita.

Hata katuni mpya si ya leo. Kwa kawaida mchoraji huikabidhi wiki kadhaa kabla, na ya Jumapili hutangulia zaidi kwa sababu ya rangi na uchapaji. Ndiyo maana mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, katuni nyingi ziliendelea kwa muda kuwaonyesha watoto darasani na watu wakibanana mikahawani. Wapo waliolichukulia jambo hilo kuwa ukatili. Kumbe kazi ilishatoka mikononi mwa wachoraji.

Ukishajua mwaka, angalia ni siku gani ya wiki. Katuni za vichekesho unaweza kuzisoma moja moja. Zile za hadithi inayoendelea, kama Mary Worth, Rex Morgan au The Phantom, usizihukumu kwa siku moja hata kidogo. Fremu ya kwanza humkumbusha msomaji jana tuliishia wapi, ya kati husogeza jambo, ya mwisho huacha swali ili ununue gazeti la kesho. Nafasi iliyobaki kwa hadithi yenyewe ni ndogo mno. Jumapili katuni nyingi za aina hii husimulia upya yaliyotokea wiki nzima, kwani kuna wasomaji wanaonunua gazeti siku hiyo tu. Ukisoma mfululizo mtandaoni utaona mwandishi anajirudia kupita kiasi, wakati pale alikuwa anawahudumia watu wa aina mbili kwa mpigo. Njia nzuri ni kufungua Jumatatu hadi Jumamosi kwa pamoja, uzisome kama kurasa sita za sura moja, halafu ndipo useme kama hadithi inatembea au imekwama.

The Phantom inahitaji uangalifu wake. Lee Falk aliianzisha Februari 1936 kama katuni ya siku za kawaida, na ya Jumapili ikaja Mei 1939 ikiwa na hadithi yake tofauti. Hadi leo ni hadithi mbili zinazokwenda sambamba. Ukibonyeza kitufe cha siku inayofuata bila kujua hilo, Jumamosi shujaa yuko kwenye tukio moja, Jumapili yuko kwingine kabisa, Jumatatu amerudi. Ruka Jumapili zote, umalize hadithi ya kwanza, kisha urudi uzisome Jumapili peke yake. Na kwa sisi wasomaji wa Afrika, katuni hii ina jambo zito la kuhakiki kuliko mpangilio wa siku: nchi ya kubuni ya Bangalla imewekwa Afrika, na mlinzi wake tangu vizazi ni ukoo wa wazungu unaorithishana jina la Phantom. Hapo linganisha hadithi za zamani na za karibuni, uangalie nani anazungumza, nani anaamua, na nani amewekwa nyuma ya fremu kama pambo. Hesabu maputo ya maneno ya wenyeji. Hoja yako itakuwa na uzito kuliko kuandika tu kwamba ni ya kikoloni.

Katuni za Jumapili zina siri nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu. Muundo wa kawaida ni safu tatu, na safu ya juu, yenye jina la katuni na kichekesho kidogo, imewekwa ili mhariri mwenye nafasi finyu aitupe. Kwa hiyo mchoraji hawezi kuweka jambo la lazima pale juu. Ukiona fremu mbili za kwanza hazina uhusiano na zinazofuata, hiyo ndiyo sababu, usimwandikie kosa. Watterson alichoka na utaratibu huo, na aliporudi kutoka likizo ndefu mwezi Februari 1992 alipata masharti mapya: nusu ukurasa ambao mhariri haruhusiwi kuukata. Chukua Calvin and Hobbes moja ya Jumapili ya 1990 na nyingine ya 1993, uziweke sambamba. Ya kwanza ina mistari ya kukatia inayopita katikati ya ukurasa. Ya pili inaweza kuwa na fremu moja kubwa kabisa, nyingine nyembamba, na nyingine isiyo na mpaka. Mchoraji ni yuleyule. Kilichobadilika ni masharti. Ukiujua mfano huu mmoja, utaacha kuhukumu mpangilio wa fremu kabla ya kuuliza nani aliuamua.

Kuhusu ukubwa nitasema kwa ufupi. Katuni za kila siku zimekuwa zikipunguzwa gazetini miaka nenda miaka rudi, na wachoraji wakapunguza mandhari, miili na maneno ili kitu kisomeke. Sura kubwa, ukuta mtupu na mstari mmoja wa sakafu mara nyingi si uvivu. Lakini siku hizi mchoraji anajua kwamba wengi watamsoma kwenye kioo kinachokuzwa, kwa hiyo kisingizio hicho kinazidi kupungua nguvu kwa katuni mpya. Fremu moja ikibeba maneno zaidi ya 25, mimi nahesabu kwamba ameandika insha na kuibandikia vichwa viwili.

Rangi iangalie kwa tahadhari kubwa. Katuni za Jumatatu hadi Jumamosi kwa miaka mingi zilichorwa kwa wino mweusi tu, na rangi unayoiona mtandaoni mara nyingi imetiwa na mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana utakuta shati limebadilika rangi kati ya fremu ya pili na ya tatu, au tukio la usiku lina anga la buluu ya mchana. Ipunguze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye programu yoyote ya picha ya simu, uitazame tena. Mara nyingi mchoro unapumua, na weusi uliowekwa kwa makusudi kuongoza jicho unaonekana.

Jambo linaloharibu uhakiki kuliko yote ni kasi ya kusoma. Katika Peanuts, Lucy kumwondolea Charlie Brown mpira anapotaka kuupiga teke kulianza 1952, na Schulz akalirudia karibu kila mwaka, wakati wa msimu wa mpira wa Kimarekani. Msomaji wa gazeti alilipata mara moja kwa mwaka, akalisubiri. Wewe mtandaoni unaweza kuzikusanya zote na kuzimaliza kabla chai haijapoa, halafu ukalalamika kwamba mzee hana jipya. Soma katuni chache kwa siku, si miaka mitatu kwa usiku mmoja. Na ukitaka kuhakiki marudio hayo, uliza swali linalofaa: mwaka huu amebadilisha nini? Lucy ametumia hoja gani mpya kumshawishi? Ubunifu wa Schulz uko kwenye ushawishi, kwa sababu kuanguka tunakujua.

Sasa kuisoma yenyewe. Tuchukue Peanuts ya kwanza kabisa, tarehe 2 Oktoba 1950. Fremu nne zinazolingana, na ulinganifu huo ni wa kibiashara: ziliuzwa kama katuni ya kuokoa nafasi, mhariri aweze kuzipanga kwa mlalo, kwa wima au mbili juu mbili chini. Watoto wawili wamekaa kando ya njia. Charlie Brown anakuja, anapita, anatoweka. Mvulana aliyekaa ndiye anayesema maneno yote: anamtaja Charlie Brown kwa wema, anarudia sifa ileile, na alipokwisha kupita anasema jinsi anavyomchukia. Msichana pembeni hatamki neno. Sasa ziba maputo kwa kidole na uangalie picha tu: ni mtoto amepita njia, basi. Ziba picha, usome maneno tu: kuna sifa kisha chuki, lakini hujui kwamba chuki ilisubiri mwenyewe aondoke. Ukatili uko pale maneno na picha vinapokutana. Hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa katuni yoyote. Maneno yakijitosheleza bila picha, mchoro ni mzigo.

Jaribio la pili ni kuziba fremu ya mwisho. Ukiikisia neno kwa neno, kichekesho kimechoka. Ukishindwa kabisa kuikisia na baada ya kuiona bado huoni ilikotoka, mchoraji amedanganya. Ernie Bushmiller, aliyechora Nancy kwa miaka mingi, alikuwa akianzia fremu ya mwisho na kurudi nyuma. Kwa hiyo ukimhakiki, fuata njia yake: isome kinyume, uulize kila fremu imeleta nini kinachohitajika mwishoni. Kwake utakuta hata jiwe lililoko pembeni lina kazi.

Jaribio la tatu ni kuondoa kitu. Mwaka 2008 Dan Walsh alijulikana kwa kumfuta paka kwenye katuni za Garfield, na Jon, mwenye paka huyo, akabaki akiongea peke yake. Ni uhakiki uliofanywa kwa kifutio: ulionyesha upweke uliokuwamo muda wote, na Jim Davis mwenyewe aliukubali. Unaweza kufanya hivyo kwa fremu ya kimya, ile isiyo na neno inayowekwa kabla ya ya mwisho. Ifute. Kichekesho kikipungua nguvu, ilistahili kuwepo. Kisipobadilika, imewekwa kujaza nafasi, na wapo wachoraji wanaoijaza hivyo kila siku.

Angalia pia maputo. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, kwa hiyo anayeanza kuongea anatakiwa awe kushoto, au puto lake liwe juu zaidi. Mikia ya maputo ikipishana, mchoraji alipanga watu kabla ya kupanga mazungumzo.

Ukitaka kulaumu, jua unamlaumu nani. Judge Parker huandikwa na Francesco Marciuliano na kuchorwa na Mike Manley; mazungumzo yakiwa makavu, usimtupie Manley. Blondie iko tangu 1930, na muasisi wake Chic Young alifariki 1973, kwa hiyo ya leo usimlaumu yeye. Na mtindo ukibadilika ghafla kwa siku moja, tazama kalenda: tarehe 1 Aprili 1997 wachoraji wengi walibadilishana katuni kwa utani. Kalenda itakusaidia pia kwa vichekesho vya mnyama groundhog wa tarehe 2 Februari, siku ambayo Wamarekani humtumia kwa utani kutabiri majira, au bata mzinga wa Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya Shukrani, ambavyo kwa msomaji wa Tanga au Bujumbura haviwezi kujieleza vyenyewe.

Ukiandika uhakiki wako, taja jina la katuni, tarehe na mwaka wa hakimiliki, weka kiungo badala ya kubandika wiki nzima ya kazi ya mtu, na ukibandika fremu usikate sahihi ya mchoraji. Tafsiri ya Kiswahili iweke chini ya picha, usifunike maputo.

Katuni zetu za Kiswahili, kuanzia Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo, mara nyingi hutufikia kama picha za simu zilizopigwa kwa haraka, bila tarehe, ukingo wa kushoto umekatwa. Hapo huwezi kuhakiki chochote kwa haki. Ukiwa na gazeti mkononi, litandaze mezani karibu na dirisha, zima taa ya kamera, shika simu sambamba na karatasi, acha ukingo mweupe pande zote nne. Piga picha ya pili ya kichwa cha gazeti chenye tarehe. Faili uliite kwa jina la katuni, kisha mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, ili simu yenyewe izipange Jumatatu hadi Jumamosi.