Amri ya TRIM kwenye diski pacha za seva

Baada ya kubadilisha diski iliyoharibika kwenye seva yenye SSD mbili (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) zilizounganishwa kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, wengi wetu hutazama faili ya hali yake, /proc/mdstat, hadi ionyeshe [UU], yaani diski zote mbili ziko sawa, kisha hufunga chumba cha seva na kuendelea na mengine. Data iko salama, ni kweli, lakini kazi haijaisha, kwa kuwa diski mpya sasa inaamini imejaa pomoni hata kama faili zimechukua robo tu ya nafasi.

RAID 1 ya mdadm, yaani mpango wa kuweka data ile ile kwenye diski mbili pacha, hukaa chini ya mfumo wa faili, wala haitambui ipi ni faili na ipi ni nafasi tupu. Kwa hiyo inapojenga pacha mpya hunakili kila bloku, mabaki ya faili zilizofutwa zamani yakiwemo. SSD nayo haiwezi kuandika juu ya data ya zamani papo hapo: hufuta kundi zima la kurasa kwa mpigo, na kabla ya kulifuta huhamisha kwanza kurasa inazodhani bado zina kazi. Diski isiyoambiwa kilichoachwa ni sawa na karani wa godauni la Kilindini ambaye hakuletewa hati za mizigo iliyokwisha kutolewa, akawa anahamisha makasha yasiyo na mwenyewe kutoka kona hadi kona. Uandishi hupungua kasi na seli huchakaa mapema.

Kazi ya amri ya TRIM ni kuiambia diski nafasi zipi zimeachwa. Keneli (kiini) ya Linux ilianza kuipitisha kwenye safu za mdadm katika toleo la 3.7, Desemba 2012, hivyo kwa RAID 1 ya leo hakuna cha kuhangaikia hapo. Tatizo huwa kwenye tabaka za juu na za chini yake: usimbaji wa LUKS, unaoficha data ya diski, huizuia mpaka uruhusu mwenyewe, na kadi nyingi za RAID haziipitishi kabisa. Endesha lsblk -D usome safu wima za DISC-GRAN na DISC-MAX, kuanzia sda (diski yenyewe) hadi md0 (safu ya mdadm) na chochote kilicho juu yake. Tabaka yenye sifuri ndiyo iliyoziba njia.

Njia ikiwa wazi, endesha fstrim -v, inayotuma TRIM kwa nafasi tupu, kwenye kila mfumo wa faili mara tu usawazishaji unapokamilika. Ukiirudia kwenye mfumo wa faili wa ext4 itakuonyesha baiti chache mno au sifuri, na hilo lisikutie wasiwasi, kwani ext4 hukumbuka sehemu ilizokwisha kushughulikia hadi mfumo utakapopachikwa upya. Kwa siku za kawaida, fstrim.timer, ratiba ya kuiendesha fstrim kila wiki, inatosha, nami naipendelea kuliko kupachika kwa chaguo la discard, ambalo hutuma amri kila faili inapofutwa.

Hapa Mombasa, seva ikizorota, wa kwanza kulaumiwa ni joto, hasa umeme unapokatika na kiyoyozi kuzima. Lawama hiyo ina msingi, maana SSD ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Lakini uzito wa joto huondoka diski ikipoa, na smartctl, zana ya kusoma hali ya diski, itakuonyesha nyuzijoto zake. Uandishi ukibaki mzito hata chumba kikiwa baridi, chunguza TRIM.

Jambo jingine huwashtua watu. Ukaguzi wa mdadm baada ya TRIM unaweza kuonyesha mismatch_cnt (hesabu ya tofauti kati ya pacha) kubwa ingawa hakuna faili iliyoharibika, kwa sababu baadhi ya diski hazihakikishi kitakachosomwa kwenye bloku zilizoachwa, na pacha mbili zikatoa majibu tofauti. Kwa diski za SATA, hdparm -I huandika "Deterministic read ZEROs after TRIM" pale diski inapoahidi kurudisha sifuri. Mimi hutafuta mstari huo kwenye diski zote mbili kabla ya kuzifunga pamoja, na zisipokuwa nao, sikimbilii kuandika repair, agizo la kusawazisha pacha upya, kwenye faili ya sync_action kwa ajili ya namba hiyo peke yake.